Ukuta Usio na Ulanga

Ukifika kwa Evarista mwezi wa Desemba, usimwulize kwa nini ukuta wake haung'ai. Uliza mahindi, uliza maharage yake ya ngwara, uliza habari za binti yake Anneth anayesoma sekondari Karatu mjini. Atakujibu vizuri na chai utapewa. Lakini ukuta uuache. Nasema hivi kwa sababu kuna watu hawana adabu. Mwaka jana alikuja mama mmoja kutoka mjini, akasimama katikati ya ua, mikono kiunoni, akasema, "Hee, Mama Anneth! Wenzako wote nyumba zinametameta, wewe umechoka nini?" Evarista akainuka, akaingia ndani, na hakutoka tena mpaka yule mgeni alipoondoka bila chai. Kwa hiyo hadithi hii naisema mimi, maana mwenyewe hawezi kuisema.

Kwao ni upande wa Baray, huku barabara inakoteremka kuelekea Ziwa Eyasi, kwenye vumbi ambalo likishakuingia masikioni ndiyo limehamia. Kuna kilima pale tunakiita Mabamba. Mgeni akikitazama anaona mawe tu, lakini sisi tunakijua: ni mabamba ya mawe bapa, moja juu ya jingine, kama chapati zilizopangwa kwenye sahani, ila hiyo sahani mtu kaiinamisha upande. Mabamba yote yanaegemea bondeni, kwenye machimbo. Na machimbo ndiyo yaliyokuwa yakitulisha miaka ambayo mvua inatukimbia.

Patrisi, mume wake Evarista, ndiye alikuwa fundi mkuu pale. Mwiraqw mrefu, mguu mmoja unachechemea tangu bamba lilipomwangukia ujanani, mdomo mkali, moyo mzuri. Yeye na wenzake walikuwa na namna yao ya kazi, na sidhani kama utaikuta kwingine. Hawakuhangaika kupasua jiwe kuanzia juu. Kiangazi kizima walikata chini, wakiuchimba ule mwisho wa bamba unaokanyaga ardhi, taratibu, kwa tindo na mtaimbo. Waliita kukata mguu. Halafu wanasubiri mvua. Mvua ikinyesha, bamba linashuka lenyewe, linateleza mpaka miguuni pako zima bila ufa, nawe unalikata vipande kama mkate. "Kwa nini nivunje mgongo," Patrisi alikuwa akisema, "wakati jiwe lina miguu yake?"

Wala hawakuwa wajinga, msiwadharau. Ndani ya ule mkato walipachika magunzi ya mahindi makavu, moja hapa, moja pale. Bamba likianza kushuka kidogo tu, gunzi linapondeka. Ukiona gunzi limepondeka, unaita watu, mnatoka wote, mnakaa pembeni mnakula miwa mpaka jiwe lije. Miaka yote gunzi halikuwahi kuwadanganya.

Wanawake walikaa chini zaidi, kwenye kivuli cha migunga, wanaponda makombo ya mabamba kuwa kokoto. Evarista alikaa hapo, na kando yake, nyundo kwa nyundo, alikaa Neema, mke wa Mathias. Hawa wawili walipata kipaimara siku moja, wakaolewa mwaka mmoja, na Neema alikuwa mtu wa maneno mpaka unajiuliza anapumulia saa ngapi. Akiponda kokoto anacheka, akibeba maji anacheka. Evarista yeye ni mkimya, anachagua neno kama anayechambua mchele. Ndiyo maana walifaana.

Sasa niwaambie habari ya ulanga, maana kila kitu kimesimama juu yake. Kati ya bamba na bamba kuna tabaka jembamba la kitu laini cha kijivu, magamba magamba, kinang'aa kama fedha. Huo ndio ulanga. Kwetu, Noeli ikikaribia, wanawake wanaukwangua kwa kijiko, wanauchanganya na udongo mweupe na kinyesi cha ng'ombe, wanasiriba ukuta wa mbele. Jua la asubuhi likipiga, nyumba inametameta mpaka mtu wa ng'ambo anaiona. Na ile nyumba ambayo jumuiya yetu ya Mtakatifu Monika itasali siku ya Noeli, hiyo lazima ing'ae kuliko zote. Mama mwenye nyumba asiposiriba, atasemwa mpaka Pasaka.

Zamani ulanga ulichukuliwa kwenye kingo za korongo. Ulipokwisha, Evarista ndiye aliyegundua pengine. Alipanda juu kabisa ya Mabamba, kule nyuma bamba la mwisho linakoingia mlimani, akakuta mstari wa ulanga mnene ajabu, laini, kijiko kinazama chenyewe. Akawaonyesha wenzake. Kila mwaka wakawa wanapanda huko, mmoja mmoja au wawili wawili, kila mtu na tundu lake. Wanaume hawakupanda. Patrisi na mguu wake angepandaje? Na wengine watafuata nini huko, kazi yao iko chini.

Kila kiangazi alikuwa akija Dokta Margareth. Huyu ni Mchaga wa Rombo, anafundisha habari za miamba chuo kikuu, anakuja na wanafunzi wake, wanapiga mahema karibu na kanisa letu la kigango, na Evarista ndiye anawapikia. Patrisi alimheshimu kwa namna yake. "Kuna watu wamebarikiwa," alisema. "Sisi tunapiga mawe, yeye anayatazama, na mshahara anapata yeye."

Siku moja Dokta alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anamsaidia Evarista kumenya viazi, na anamenya vibaya, nusu ya kiazi inaondoka na ganda.

"Mama Anneth, unajua hapa palikuwa bahari?"

"Ziwa, Dokta. Hata bibi yangu alisema Eyasi ilikuwa kubwa."

"Si ziwa. Bahari kabisa. Zamani hizo nchi kavu haikuwa hata na nyasi." Akaweka kisu chini. "Sasa sikiliza. Sakafu ya bahari haitulii. Inatembea polepole, kama ukucha unavyoota. Ikifika ukingoni mwa nchi kavu, inazama, inaingia chini yake. Lakini mchanga na tope vilivyolala juu yake haviendi vyote huko chini. Vinakwanguliwa, vinabaki ukingoni."

Evarista akafikiri. "Kama greda."

"Ehee! Kama greda!" Dokta alifurahi kama mtoto. "Umeliona greda linavyosukuma udongo mbele ya kisu chake?"

Nani asiyeliona? Kila baada ya masika linapita kwenye barabara yetu. Udongo unajikusanya mbele ya kisu, unakunjamana, unapasuka vipande. Udongo mpya unaingia kwa chini, ule wa zamani unanyanyuliwa juu, unainama, kipande kinapanda mgongo wa mwenzake. Dokta akasema ndivyo milima ya aina hii inavyoanza: mchanga wa baharini unarundikwa, unainuliwa, unalazwa kiubavu. Baadaye bara likaja kugongana na bara, lile rundo likabanwa na kuokwa huko chini kwa miaka isiyosemeka. Mchanga ukawa bamba gumu. Tope lililokuwa katikati likawa ulanga.

"Na vile vipande vinapandianaje bila kusagika?" Evarista aliuliza.

"Maji. Maji yakibanwa kati ya tabaka na tabaka, yanalibeba lile la juu, linakuwa jepesi. Linateleza. Na kingine, Mama Anneth, rundo lolote lina mteremko wake linaoutaka. Ukiliondolea mguu, mgongo unashuka kuutafuta."

Evarista aliacha kumenya. Alikuwa anatazama machimbo, ambako Patrisi alikuwa amelala kifudifudi, anakata mguu.

Wakati wa kula akamweleza mumewe yote, bahari na greda na maji. Patrisi alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Huyo Dokta ameshika tindo lini?" Mambo yakaishia hapo.

Basi mwaka ninaousema mimi, mvua za vuli zilichelewa. Lodji moja mpya ikaagiza mabamba mengi, makubwa, ya ukumbi mzima. Vijana wa kazi wakaongezeka, na mguu ukakatwa kwa urefu ambao haujawahi kukatwa, kuanzia kwenye njia ya mbuzi mpaka ukaupita ule mgunga mkubwa. Patrisi alikuwa anatembea na kuchechemea kwake kama mwenye mali. Na zamu ya Noeli ilikuwa kwa Neema. Weee! Neema alikuwa halali. Nyumba yake ni ya kwanza ukitoka barabarani, ukuta wa mbele ni mpana, na aliapa kwamba mwaka huo hata padri akija kutoka parokiani atavaa miwani ya jua.

Evarista alipanda juu ya Mabamba Alhamisi asubuhi, peke yake, kuchukua ulanga wake kidogo na kumwongezea rafiki yake. Akapiga magoti kwenye tundu lake la siku zote, akaingiza kijiko. Kijiko hakikugusa kitu. Akaingiza mkono. Mkono ukaenda mpaka kiwiko, ukaenda mpaka kwapa. Huko ndani palikuwa na ubaridi, upepo mdogo ukimpuliza vidoleni. Akashtuka, kijiko kikamponyoka. Akakisikia kinagonga jiwe, kikagonga tena, kikaendelea kugonga, sauti inapotea chini kwa chini, na hakusikia kilipotulia.

Akabaki pale, shavu limegusa mwamba. Halafu akainua macho akautazama ule mstari wote. Jamani. Miaka yote kila mwanamke alikuwa ameliona tundu lake tu. Siku hiyo Evarista aliyaona yote kwa pamoja. Matundu yalikuwa yamepanuka, yameungana, mvua za miaka yote zimeingilia humo na kutoka na ulanga, na sasa ulikuwa mdomo mmoja mrefu, umefunguka nyuma ya bamba kutoka ncha mpaka ncha. Wanaume walikuwa wamekata mguu. Wanawake walikuwa wamekata shingo. Na aliyewaleta hapo ni yeye.

Msiniletee ile methali ya ufa na ukuta, naijua, na yeye aliijua tangu darasa la pili. Methali haisemi mtu afanye nini anapogundua kwamba ufa kauchimba mwenyewe.

Akatoa simu apige picha. Hapo ndipo shetani alipoingia, au sijui tuite aibu. Hakupiga picha pale penye matundu. Alisogea mpaka mwisho, mahali ambapo vijiko havikuwahi kufika, ufa ukaonekana kama ufa wowote wa Mungu. Akamtumia Dokta. Hata hajateremka, simu ikaita.

"Mama Anneth, uko hapo sasa hivi? Toka! Toka kwanza ndiyo tuongee." Evarista akateremka anateleza, simu sikioni. "Watu wote waondoke, chini na juu, umenielewa? Chini na juu. Mvua isimkute mtu hapo. Huo ufa umefunguliwa na nini? Kuna mtu amekuwa akichimba huko?"

Mbele yake, bondeni, alimwona Patrisi amesimama na vijana wake, wanacheka. Alifikiria atakavyocheka zaidi. Vijiko! Wanawake na vijiko vyao na kuta zao! Alifikiria wazee wa kigango, na jina lake likitajwa.

"Hakuna, Dokta," akasema. "Ni mvua tu."

Alimkuta mumewe machimboni akamweleza mbele ya watu: juu pamefunguka, Dokta kasema tutoke. Patrisi akamtazama, akawatazama vijana, akainama na kutazama ndani ya mkato.

"Magunzi yangu yanasemaje?" akauliza kwa sauti. "Mazima! Mama Anneth, mimi nasikiliza gunzi. Gunzi liko hapa, Dokta yuko Dar."

Vijana wakaangua kicheko. Evarista hakuondoka. "Gunzi linapima chini, Baba Anneth. Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu cha kazi yako."

Ni kweli, hajawahi. Kicheko kikakatika katikati. Patrisi akasema waendelee na kazi, lakini jioni watu walipoondoka alibaki, na asubuhi yake alifika kabla ya wote. Aliingiza mkono kwenye mkato kule mwisho, upande wa mgunga, akatoa gunzi. Lilikuwa limekuwa bapa. Akatoa la pili, nalo vilevile. Akavua kofia. Vijana walipokuja walimkuta amesimama njiani, mtaimbo ameuweka kwa upana kama kizuizi cha barabarani, na mtu yeyote hakuruhusiwa kupita. Hapo ndipo ninapompendea Patrisi. Alikuwa na kiburi, lakini alijua mahali pa kukiweka chini.

Jumapili, katekista alipomaliza ibada, Patrisi akasimama. "Mimi sina maneno. Mke wangu ndiye aliyeona, aseme mwenyewe."

Evarista akasimama mbele ya kigango kizima. Mwanamke ambaye hata kwenye jumuiya anasali kimoyomoyo! Akaanza na greda. Akasema habari za sakafu ya bahari iliyozama, mchanga uliokwanguliwa na kuinuliwa, tope lililogeuka ulanga, maji yanayolibeba jiwe kwa ndani.  Wazee wakainama mbele. Akawaona wanamwelewa, na kitu kikampanda kifuani ambacho hakuwahi kukisikia maishani: alikuwa anasikilizwa. Akamalizia, "Kwa hiyo mtu yeyote asikanyage chini ya Mabamba mpaka mvua zipite na jiwe lishuke lenyewe. Yeyote."

Chini. Neno la pili lilikuwa mdomoni. Aliligusa kwa ulimi. Angesema na juu, mtu angeuliza juu nani anaenda, kufanya nini, tangu lini. Akakaa. Watu wakampigia makofi, kanisani!

Nje, wakiwa wanasalimiana, Neema akamvuta kitenge na kumsalimu Kiiraqw. "Saita, profesa wetu! Nimesikia vibaya au nimesikia vizuri? Na kule kwetu juu je? Beseni langu hata nusu halijafika."

Patrisi alikuwa hatua mbili tu kutoka hapo, anaongea na katekista, uso umemng'aa kwa fahari ya mkewe.

"Tutaongea," Evarista akamwambia kwa sauti ya chini.

"Ni kubaya?"

"Neema, tutaongea. Si hapa."

"Haya mwenzangu, tutaongea." Akacheka, akaenda zake.

Evarista alikuwa na nia ya kwenda kwake siku hiyohiyo, na ninaamini hivyo. Lakini wageni walimfuata nyumbani. Jumatatu wakaja wengine, mama zao wale vijana wa machimbo, mmoja na kuku, mwingine na sukari, kila mmoja anataka kuisikia tena habari ya bahari na greda. Evarista akaisimulia, na kila alivyoisimulia ikamnogea. Kwa Neema ni pale tu, kupita shamba la ngwara. Akasema kesho.

Kesho yake mawingu yalipanda kutoka upande wa Eyasi, meusi, mazito. Saa nane mchana matone makubwa yakaanza. Hayakunyesha hata muda wa kuchemsha maji ya ugali. Kwanza ng'ombe waligeuza vichwa. Halafu ukaja mvumo ambao sikuwahi kuusikia na siombi kuusikia tena, kama malori yanayoteremka bila breki, ila ulitoka ardhini. Mabamba yakashuka. Si lile bamba moja walilokuwa wakilitaka. Yote ya ubavu ule yalishuka kwa pamoja, yakaula mgunga mkubwa, yakafunika machimbo, yakafunika kivuli chetu na chungu zetu za kokoto, na vumbi likasimama ndani ya mvua.

Watu walitoka mbio. Wakahesabiana: vijana wa machimbo wote wapo. Mungu wangu, furaha! Mama mmoja akapiga vigelegele, wanaume wakamkumbatia Patrisi naye analia hadharani, wengine wakamwinua Evarista mkono. "Huyu! Huyu ndiye!" Evarista hakuwasikia. Macho yake yalikuwa yanapita kwenye nyuso za wanawake, moja moja, yanarudi mwanzo, yanapita tena.

Mathias akaja anapenya katikati ya watu, amejifunika mfuko wa mbolea kichwani. "Mama Anneth, mwenzako yuko kwako? Alisema anawahi kitu kabla mvua haijanyesha."

Waliliona beseni kwanza, la bluu, limekaa juu ya jiwe kana kwamba mtu ameliweka kwa uangalifu. Ulanga ulikuwa umemwagika, mvua inausambaza, na mawe yote ya pale yaling'aa vizuri sana, vizuri mpaka watu wakafumba macho. Patrisi alifanya kazi na mtaimbo mpaka viganja vikatoka damu, na mguu wake ule, hakumruhusu mtu ampokee. Neema walimpata kabla giza halijaingia. Sitaki kusema zaidi.

Mazishini watu walisema walichoweza. Walisema alijiendea juu mwenyewe, nani angejua? Katekista akasema tumlilie mmoja, tena tumshukuru Mungu kwa wale aliowaokoa kupitia mama yetu Evarista. Vichwa vikageuka kumtazama kwa upendo. Afadhali wangempiga mawe.

Dokta Margareth alikuja siku ya tatu. Alimpa Mathias pole, akakaa na wafiwa, kisha akaenda kutazama mwamba pale ulipoachia. Alirudi jioni jua halijazama, akamwita Evarista pembeni, nyuma ya jiko. Akafungua kiganja. Kilikuwa kijiko, kimepinda, shingo imesagika.

"Kilikuwa kwenye ulanga. Pale juu kuna alama zake kila mahali, Mama Anneth. Ni cha nani?"

"Changu."

 Machozi yakamlengalenga Dokta. Akamwekea kijiko mkononi, akamkunjia vidole, akaenda kwenye gari lake bila kuaga.

Noeli ikafika. Mathias alikuwa mfiwa, kwa hiyo jumuiya ikaamua kusali kwa Evarista. Yeye hakutaka, lakini angetoa sababu gani? Asubuhi ya mkesha alienda kisimani. Aliporudi na ndoo kichwani, alisimama njiani. Ukuta wake ulikuwa unawaka. Wanawake wa jumuiya walikuwa wamekusanya mabaki ya ulanga kwenye makopo yao, kila mmoja alichonacho, wakaja nyuma yake wakamsiribia, mpaka juu chini ya bati, wakaweka na msalaba wa udongo mwekundu katikati. Wote wamejipanga uani, mikono ina tope, wanatabasamu. Patrisi alikuwa nao. Mathias pia alikuwepo, amekaa kwenye kigogo, alikuja kuleta benchi.

"Zawadi yako, Mama Anneth," wakasema. "Umetuachia watoto wetu."

Evarista akatua ndoo. Akaenda ubavuni mwa nyumba, akachukua jembe, akarudi, akalipiga kwenye ukuta. Tope bichi likaanguka kipande kizima. Mama mmoja akapiga ukunga. Patrisi akamshika mkono, "Mke wangu, una nini?" Evarista akamsukuma.

"Aliniuliza!" akasema, na sauti hiyo hatukuwahi kuisikia kwake. "Dokta alisema chini na juu. Juu! Mimi nikasema chini. Neema aliniuliza pale nje ya kanisa, na kule kwetu je, nami nikamwambia tutaongea. Nilikuwa naona aibu. Matundu yale niliyaanzisha mimi, niliona aibu mtanicheka. Mnanisiribia nini?"

 Kuku walikuwa wanadonoa lile tope. Evarista akamgeukia Mathias, lakini hakuweza kumwangalia usoni, akaangalia viatu vyake.

"Najua," Mathias akasema.

"Unajua nini?"

"Aliniambia Jumapili ileile. Alisema, Mama Anneth ana neno la kule juu, tutaongea. Jumatatu akaja kwako. Akakuta una wageni, unasimulia habari ya greda na watu wamekaa kimya. Akarudi. Akasema, mwache mwenzangu afurahi leo, siku zote ananisikiliza mimi." Mathias akajifuta uso kwa mkono. "Tangu tumzike nakungoja uje uniambie. Kila siku nasema atakuja leo."

Evarista alikuwa bado ameshika jembe.

"Kwangua," Mathias akasema. "Kwangua wote."

Akakwangua. Wanawake waliondoka mmoja mmoja, Patrisi akakaa chini mlangoni na kuinamisha kichwa. Mathias hakuondoka. Alikaa pale kwenye kigogo, jua linampiga, mpaka Evarista alipomaliza.